Gari ya dila iliyokuwa ya kuazimisha wateja: nichukue lisi, ninunue, ama niachane nayo?

mama_zawadi_lowell

Habari zenu wana Massachusetts na wengine wote mlioko huku Marekani. Naomba mawazo kabla sijaweka sahihi. Corolla yangu imechoka, kila mwezi ni fundi, kwa hivyo wiki jana nikapitia kwa dila wa BMW, duka lao la magari, "kuangalia tu" (mnajua vile hiyo kuangalia tu huisha) na muuzaji akanitolea X3 nyeupe ya 2025, iko na maili 5,800. Anasema haijawahi kuuzwa kwa mtu yeyote, ni zile gari wanaazimisha wateja wakileta zao sevisi, imekuwa kwa hiyo kazi miezi saba na sasa wanaitoa. Bei ya stika, ile ya kiwandani iliyobandikwa kwa gari, ilikuwa 54,000, wao wanataka 46,500. Ndani inang'aa, na mimi moyo ukaanza kunidanganya.

Karatasi walizonipa ni mbili. Ya lisi (yaani unaikodi kwa mkataba kisha unairudisha) ni miezi 36, maili 10,000 kwa mwaka, siku ya sahihi natoa malipo ya mwezi wa kwanza na ada za usajili peke yake, halafu 763 kila mwezi kodi ikiwa ndani. Chini kwa maandishi madogo nimeona thamani ya mwisho 28,700, mani fakta .00260, ada ya benki 925. Ya kununua ni dipoziti 6,000, mkopo wa miezi 60 kwa asilimia 6.9, inatoka 857 kwa mwezi.

Sasa tofauti ni 94 tu, si afadhali ninunue iwe yangu? Mzee wa nyumba anasema lisi, gari ikisumbua si shida yetu, tunarudisha. Mwenzangu kazini ananiambia gari ya kuazimishwa imekanyagwa na kila mtu nisiguse. Nani amewahi kuchukua moja ya hizi?

---

karatasi_ndogo

Dada pole na hongera kwa pamoja. Kwanza umefanya la maana kusoma hayo maandishi madogo, wengi tunaangalia namba ya mwezi tu tunasaini tunaondoka na funguo.

Lisi usiiogope, hesabu yake ni ya darasa la saba. Kuna bei mliyokubaliana, kuna thamani ambayo benki imeshaandika gari litakuwa nayo mwisho wa mkataba, kuna miezi, na kuna mani fakta, ambayo ni riba iliyovaa baibui. Zidisha hiyo mani fakta kwa 2,400 uso unaonekana: .00260 ni kama asilimia 6.24 kwa mwaka.

Twende na karatasi yako. 46,500 ongeza ada 925 ni 47,425. Toa 28,700, inabaki 18,725, hiyo ndiyo thamani utakayoila wewe, gawa kwa 36 ni 520. Halafu jumlisha 47,425 na 28,700 (ndiyo, kwenye lisi wanajumlisha, usishangae) upate 76,125, zidisha kwa .00260 ni 198. 520 na 198 ni 718, weka kodi ya jimbo lenu 6.25 unafika 763. Kwa hiyo karatasi ni halali, hawajaficha kitu kwenye jumla. Walichofanya kiko kwenye vipande.

Kipande cha kwanza ni mani fakta. Benki ina yake ya msingi na madila wengi wanaruhusiwa kuongeza juu, hiyo nyongeza ni chakula chao. Tuseme ya msingi ni .00210. Malipo yanashuka hadi 722. Dola 40 kwa mwezi si nyingi ukiiona peke yake, kwa miezi 36 ni zaidi ya 1,400. Nenda jukwaa la Edmunds, ile tovuti ya magari, uliza mani fakta na thamani ya mwisho ya gari hilo kwa mwezi huu na zip kodi yako (namba ya posta ya unapokaa), wanajibu bure, halafu rudi kwa dila na namba mkononi.

Kipande cha pili ndicho watu wanapigwa. Wanakuambia umepunguziwa 7,500 kutoka bei ya stika. Sasa nani siku hizi ananunua hilo gari jipya kwa bei ya stika? Linganisha na bei ambayo MPYA lingetoka baada ya kubishana. Tuseme unapata punguzo la asilimia 8, ni 49,680. Punguzo lako halisi hapa ni 3,180. Na kati ya hizo, benki imeshakunyang'anya upande wa pili, maana kwa gari lililoanza na maili wanapunguza thamani ya mwisho. Kama jipya lina asilimia 56 ya stika ingekuwa 30,240, wewe umeandikiwa 28,700, hapo 1,540 imeondoka. Ukipiga hesabu ya jipya kwa 49,680 na mani fakta .00210 unapata kama 781 kwa mwezi pamoja na kodi.

781 jipya kabisa, harufu ya kiwanda, maili 10, waranti inaanza siku unayolichukua. 763 lililotumika miezi saba. Kwa dola 18? Mimi hapana. Mani fakta ikishuka na bei ikishuka tena kidogo, hapo tunaongea.

---

spana_kumi_na_tatu

Mimi nimefanya kazi upande wa sevisi kwa dila miaka ya nyuma, sio lazima nitaje wa gari gani wala jimbo gani. Hizo gari za kuazimisha tulikuwa tunaziosha asubuhi zinatoka jioni zinarudi.

Huyo mwenzako kazini anaongeza chumvi lakini sio uongo wote. Ukweli ni kwamba mteja wa kawaida akipewa gari ya kuazima anaenda nayo kazini, anaenda kuchukua mtoto shule, anairudisha bila petroli basi. Tatizo ni wachache. BMW wenyewe kwenye kitabu wanasema maili 1,200 za mwanzo uendeshe kwa upole injini izoee, sasa hizo maili 1,200 zimeendeshwa na watu ambao hawajui hata kama hicho kitabu kipo. Je itaua injini? Sidhani, injini za sasa zinavumilia sana, ila usidanganyike kwamba kuna mtu aliilea.

Vitu ambavyo kweli tulikuwa tunaona:

Rimu zimekwaruzwa kwenye ukingo wa barabara, karibu kila gari. Kioo cha mbele kimepigwa na kokoto. Matairi ndio usisahau, angalia yote manne, aina moja na kina kimoja. X3 nyingine zinakuja na yale matairi ya kutembea hata yakipasuka, bei yake inauma, na ukikuta moja ni jipya kuliko mengine jiulize kilitokea nini.

Halafu rangi. Mlango ukigongwa parking na dila akautengeneza yeye mwenyewe bila bima, hiyo Carfax, ile ripoti ya historia ya gari, haijui kitu. Carfax ni safi, gari sio safi. Iangalie juani sio chini ya zile taa zao za shoorumu, simama pembeni uangalie ubavu wote kutoka nyuma kwenda mbele, ukiona rangi ya mlango mmoja inacheza tofauti uliza. Ukiweza lipa fundi wa nje aikague na kile kipimo cha unene wa rangi, ni pesa kidogo ukilinganisha na elfu arobaini na sita. Dila akikataa isitoke nje kukaguliwa, hapo ameshakujibu.

Na uliza kama ilikuwa kweli ya kuazimisha wateja au ilikuwa ya meneja kwenda nayo nyumbani. Ya meneja huwa imekaa na mtu mmoja, mimi ningeipenda zaidi hiyo, isipokuwa akiwa anavuta sigara.

---

mtu_wa_worcester

Naongezea la huku kwetu tu ambalo dila hakuambii. Eksaizi. Hiyo kodi ya gari ya kila mwaka ambayo mji unakutumia bili, Massachusetts ni dola 25 kwa kila elfu, na thamani wanayotumia ni bei ya stika ya kiwandani, haijali wewe umenunua kwa ngapi. Mwaka wa modeli ni asilimia 90, unaofuata 60, kisha 40, 25, halafu 10 kutoka wa tano kuendelea. Kwa stika ya 54,000 mwaka wa pili peke yake ni 810. Na kwa lisi usifikirie benki ndio italipa, bili inaenda kwao wanakurushia wewe.

Kumbuka pia ukimpa dila hiyo Corolla kama sehemu ya malipo, kodi ya mauzo inahesabiwa kwa kilichobaki. Wakikupa 4,000 umeokoa 250 hapo hapo.

---

bahari_hindi

Swali la pembeni jamani. Akimaliza kulipa si aitume Mombasa auze faida? 😂

---

karatasi_ndogo

@bahari_hindi usukani uko kushoto mkuu, Kenya hawakusajilii, na hata ungekuwa kulia kuna sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8. Ndoto imeisha.

---

mukubwa_wa_goma

Kwetu Goma tunapita kuume, volani ya kushoto iko sawa kabisa 😄 lakini kusafirisha kutoka huku Portland mpaka kule, pesa utakayotoa utalia. Mama ununue gari la kutembelea hapa, ile ya kule itajipatia njia yake.

---

spana_kumi_na_tatu

Turudi kwa dada. Hajatuambia anaendesha maili ngapi na hiyo ndio kitu ya kwanza.

---

mama_zawadi_lowell

Asanteni sana, nimecheka na nimejifunza kwa wakati mmoja. Maili sasa. Kazi yangu kubwa iko hospitali Boston na wikendi nachukua shifti Worcester kwa nyumba ya wazee, ukiongeza kanisa na watoto Corolla inapanda karibu 18,000 kwa mwaka. Nilimwambia muuzaji akasema "wengi wanachukua elfu kumi, inawatosha". Halafu swali lingine, kaka yangu mdogo anataka akiwa huku awe anaipigia Uber jioni kidogo, lisi inakubali?

---

karatasi_ndogo

Elfu kumi na nane!! Hapo mazungumzo yamebadilika kabisa, ungeanza na hilo.

Maili za ziada kwenye lisi za magari ya daraja hilo mara nyingi ni senti 25 kwa kila maili, angalia kwenye mkataba wako. Unapita kikomo kwa maili 8,000 kila mwaka, miaka mitatu 24,000, mara senti 25 ni 6,000. Siku ya kurudisha funguo wanakupa bili ya dola elfu sita, na ile ada ya kurudisha gari, na matairi kama yameisha. Gawa 6,000 kwa miezi 36 ni 167. Kwa hiyo lisi yako sio 763, ni 930. Mkopo ni 857 na mwisho unabaki na gari. Huyo aliyesema elfu kumi inawatosha wengi amekuuzia namba ya mwezi, hakukuuzia gari.

Ukitaka lisi lazima iandikwe maili zako za kweli tangu mwanzo. Thamani ya mwisho itashuka, malipo yatapanda, lakini bado ni nafuu kuliko faini ya mwisho. Sema kwa maili 18,000 faida ya lisi inakuwa ndogo sana, lisi ni ya mtu anayekaa karibu na kazi.

Uber mwambie kaka asome mkataba kwanza. Mikataba mingi ya lisi inakataza gari kubeba abiria kwa pesa, na bima nayo ina lake la kusema akigonga akiwa na abiria.

---

spana_kumi_na_tatu

Na mimi niseme upande wa kununua maana karatasi ndogo amemaliza lisi.

Waranti ya BMW ni miaka 4 au maili 50,000, kinachotangulia. Ya gari hii haianzi siku wewe unanunua, ilianza siku ile dila aliiweka barabarani kuazimisha. Miezi saba imeliwa, na maili 5,800 zimeliwa. Zimebaki 44,200. Wewe kwa 18,000 kwa mwaka unazimaliza miaka miwili na nusu hivi. Mkopo wako ni miaka mitano. Yaani nusu ya mkopo unalipa gari ya kijerumani isiyo na waranti, na hapo ndio vinaanza vile vitu, pampu ya maji, mafuta kuvuja kwenye gaskiti, sensa. Ile sevisi ya bure ya miaka 3 au maili 36,000 nayo inakatika kabla, ni kama mwaka na miezi minane hivi kwa mwendo wako.

Sisemi usinunue. Nasema kama unanunua, kila mwezi weka kitu pembeni kwa ajili ya hiyo miaka ya mwisho, na usinunue ile waranti ya ziada pale ofisini kwao siku ya sahihi ukiwa umechoka, hiyo bei inajadiliwa na inaweza kusubiri.

Uliza pia swali hili kwa maneno haya haya: hati ya umiliki wa gari imewahi kutoka kwa jina lolote, hata la dila? Kama haijatoka, gari linaweza kuuzwa kama jipya, benki zinakupa riba ya gari jipya na punguzo za kiwanda zinaweza kuingia. Kama imetoka hilo ni gari used, yaani lililotumika, kwisha, hata kama muuzaji anasema "ni kama jipya". Hiyo 6.9 inanukia riba ya used.

---

mama_juma_dallas

Mie naona mnamzungusha dada wa watu. Achukue RAV4 hybrid ya kuazimisha kutoka kwa dila wa Toyota alale usingizi. Sisi huku Texas lisi yenyewe watu wengi hawaitaki maana 6.25 tunakatwa kwenye bei nzima ya gari, sio kwenye malipo ya mwezi kama ninyi.

---

karatasi_ndogo

@mama_juma_dallas kwa uimara hatubishani shangazi, na kwa maili zake hata mimi ningeenda Toyota. Ila Toyota za kuazimisha nilizoziona bei yake inakaribia ya mpya kabisa, kwa sababu hazishuki thamani haraka. Ukikuta tofauti ni dola 900 kwa maili 6,000 bora mpya. Punguzo kubwa la gari la kuazimisha unalipata kwa magari yanayoshuka bei haraka, na yanashuka haraka kwa sababu. Ndiyo mtego wenyewe huo.

Kipimo changu kwa kununua: chukua bei ya mpya baada ya kubishana, toa bei ya hili, gawa kwa maili zilizotembea. Hapa ni 3,180 kwa 5,800, senti 55 kwa maili. Si mbaya, si ya kukimbilia. Ikifika senti 80 naanza kuvaa viatu.

---

mtu_wa_worcester

Na kwa nini mnasahau zile zilizorudi kutoka lisi za watu? X3 ya miaka mitatu yenye cheti cha BMW (wameikagua na kuithibitisha wenyewe) inaongezewa mwaka mmoja wa waranti, maili bila kikomo, baada ya ile ya kwanza kuisha. Kwa mtu wa elfu 18 hiyo "bila kikomo" ina maana sana. Na eksaizi yake imeshashuka.

---

mama_zawadi_lowell

Nimerudi. Nilimwandikia muuzaji meseji badala ya kwenda, maana nikienda nitaona hiyo gari tena nilainike. Nimeuliza hati, akazunguka zunguka, mwishowe akasema ndiyo imetoka kwa jina la dila. Kwa hivyo ni used, spana ulisema. Nikamwambia basi lisi sitaki, na kwa kununua sitoi 46,500, nikamtumia hesabu ya senti kwa maili. Alinyamaza siku mbili. Leo asubuhi amerudi na 44,900, anasema ni mwisho wa mwezi.

Nikapiga simu kredit yunioni yangu (chama cha akiba na mikopo), wamenipa 5.9 kwa miezi 60. Na dipoziti ile ile 6,000 nafika kama 804 kwa mwezi badala ya 857. Mzee wa nyumba ameanza kusema hata hizo zilizorudi lisi twende tuone kwanza, na kusema kweli ile ya waranti bila kikomo imenikaa kichwani. Ukaguzi wa nje dila amekubali, Alhamisi.

---

karatasi_ndogo

44,900 dhidi ya 49,680 ni tofauti ya 4,780, senti 82 kwa maili. Viatu nimevaa 😂 Lakini "mwisho wa mwezi" isikukimbize, mwezi ujao nao una mwisho. Nenda kaone hizo zenye cheti, weka bei zake hapa tuzipige hesabu pamoja na za huyu, pamoja na sevisi ya miaka mitano.

---

spana_kumi_na_tatu

Alhamisi mwambie fundi atoe magurudumu aangalie pedi za breki, asiangalie kwa tochi kupitia rimu. Halafu piga picha ubavuni mwa kila tairi pale penye namba nne za wiki na mwaka lilipotengenezwa, weka hapa nikusomee.

---

mama_zawadi_lowell

Sawa kaka. Natoka shifti saa moja asubuhi hiyo siku, nitazituma kabla sijalala.